Nani Atakanyaga Ndimu

"Pikipiki iko wapi? Nakuuliza wewe, Pranay! Pikipiki niliyoitolea pesa yangu iko wapi?"

"Dukani, Baba Mkubwa. Ipo palepale ilipokuwa."

"Usinijibu kihuni!"

"Si umeuliza iko wapi?"

Baba Mkubwa Purushottam akaipiga meza kofi mpaka sahani ya ibada ikaruka. Ndimu mbili zilizokuwa zimekaa kwa adabu ubavuni mwa nazi zikabingirika, zikaanguka, zikapotelea chini ya kochi. Mama Mkubwa Sulabha akapiga magoti kuzitafuta, huku ananong'ona majina ya miungu yote anayoijua. Asubuhi ya Dasara hiyo, bwana, sikukuu ya Wahindu ya kubariki vyombo vya kazi. Nagpur nzima watu wako nje wanafunga maua ya njano kwenye magari, kwenye cherehani, mpaka kwenye mizani ya muuza vitunguu. Humu ndani watu wanatafutana roho.

Mezani palikuwa na bahasha. Ndani yake ni ile pesa ya kutangulizia ambayo Baba Mkubwa aliipeleka duka la pikipiki mwezi uliopita, kwa jina la Pranay. Jana Pranay alikwenda akaidai, na kwa kuwa jina ni lake, wakamrudishia. Pikipiki nyekundu akaiacha. Badala yake, saa tano leo ilikuwa inatoka skuta moja ya kijivu, ile ya bei ya chini kabisa, na kwenye karatasi zake jina lililoandikwa ni la mama yake, Sadhana Bhoyar.

"Skuta!" Baba Mkubwa alilitamka kama mtu aliyekuta nywele kwenye wali. "Kijana mzima una ndevu! Skuta, tena ya kijivu! Si ungechukua na sketi kabisa?"

"Sketi zilikuwa zimeisha."

"Pranay," mama yake akamkata. Alikuwa amesimama karibu na mlango na kofia yake ngumu mkononi, mpya, bado ina nailoni.

Tuseme ukweli, Pranay aliitaka ile pikipiki nyekundu mpaka akawa anaiota. Picha yake ilikuwa kwenye simu, na marafiki zake wa kriketi walishagombana nani atapandishwa wa kwanza. Mpango wa Baba Mkubwa ulikuwa mtamu vilevile: shule umemaliza, njoo dukani kwangu mtaa wa Itwari ubebe makopo ya rangi, chukua pikipiki, na mama yako utampeleka kazini ukipata nafasi.

Ukipata nafasi. Hapo ndipo mpango ulipoanza kunuka. Mama yake alikuwa amesomea kutoa damu za vipimo, na maabara moja ilimwambia hivi: kazi ya kuzunguka majumbani ipo, unaanza Jumatatu, ila uje na chombo chako cha usafiri na leseni yako. Wenye kisukari wanatolewa damu alfajiri, kabla hawajanywa chai. Mzee wa watu amelala na njaa usiku kucha, huwezi kumwambia asubiri mpaka Pranay apate nafasi. Usipokuja na chombo Jumatatu, kazi anapewa mwingine.

Kwa hiyo Pranay na mama yake walizunguka maduka. Kila duka muuzaji alimrukia Pranay. "Bosi, wewe unaonekana mtu wa pikipiki!"

"Mtu wa skuta ni mimi," mama yake anasema, anaipanda, anashusha miguu kuona kama inafika chini. Halafu anafungua mtandio aliofungia mzigo, anatoa boksi la barafu la kubebea damu, anaweka katikati ya miguu. Alitembea nalo mji mzima. Skuta moja ilikuwa na taa kama disko, Pranay akaipenda hapohapo. Boksi halikuingia. Wakatoka.

Duka lingine walioneshwa ya umeme. "Mama, hii petroli haijui kabisa! Unachaji nyumbani tu, unalala, asubuhi unaondoka."

"Nyumbani kwa nani?" mama yake akauliza.

Muuzaji akacheka, akadhani ni utani. Pranay hakucheka. Tangu baba yake afariki, yeye na mama wanakaa juu, Baba Mkubwa na mkewe wanakaa chini. Uwani ni chini, soketi iko chini, na mita ya umeme ya chini ni ya Baba Mkubwa.

"Nikitaka kwenda kazini niombe umeme kwanza?" mama yake alisema. "Tuonyeshe ya petroli."

Hapo kwenye bei ndipo palipokuwa na sinema. Bei ya ubaoni ilikuwa elfu themanini na kitu, ukasema haya, inalipika. Kumbe hiyo ni bei ya kuitazama. Ukitaka itoke barabarani kuna kodi, kuna bima, kuna namba, tayari mko karibu na laki. Halafu muuzaji akaongeza kwa mwandiko mdogo: gharama za kushughulikia.

"Mnashughulikia nini?"

"Ni... kushughulikia tu, mama. Kila mtu analipa."

"Basi yangu msiishughulikie."

"Mama, haiwezekani."

"Nionyeshe sheria inayosema nilipe. Nimekaa, nasubiri."

Akasubiri kweli. Akaletewa chai, akanywa. Akaletewa meneja, akamsalimia. Wakati huo alishafutisha kwenye bili zulia la miguuni, kava la kiti, na vyuma vya kung'aa vya pembeni. Kilichobaki ni kile kizuizi cha kulinda sari isinaswe na gurudumu la nyuma, maana hicho kinakuja na chombo upende usipende. Mwisho meneja mwenyewe alichukua kalamu akaifuta ile kushughulikia, huku ametabasamu kama anang'olewa jino. Pranay alikuwa na aibu mpaka masikio yamepata moto. Ila walipofika nje alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa Baba Mkubwa alikuwa ameigeukia picha ya marehemu mdogo wake ukutani. Ndivyo anavyoongea na mama yake Pranay, haangalii uso. "Na pesa ya kuanzia imetoka wapi? Hebu niambiwe."

"Nimeuza bangili," mama yake akasema. "Iliyobaki ni mkopo, nitalipa kila mwezi na mshahara wangu."

Mama Mkubwa akainua kichwa toka chini ya kochi. "Bangili za ndoa? Sadhana! Dhahabu ya ndoa?"

"Shemeji," mama yake akamgeukia Baba Mkubwa, "siku ya msiba wa mdogo wako mlinivua nyie wenyewe. Mkasema mjane havai. Sawa, sikuvaa. Sasa nitazipanda."

Nje mtoto alikuwa anapiga honi ya pikipiki ya baba yake, piipii, piipii, akafokewa.

Baba Mkubwa akapangusa shingo. Akashusha sauti, na Pranay anamjua, akishusha sauti ndiyo mbaya. "Haya. Imeshanunuliwa. Lakini leo ni Dasara. Chombo kipya kinakanyaga ndimu, na anayeanza kukiendesha anakipa bahati yake. Mjane hawezi kuanza. Mnataka mkosi? Pranay ataipanda kwanza, atakanyaga ndimu, ataileta hapa nyumbani. Yeye ndiye mwanaume."

"Hawezi," mama yake akasema.

"Kwa nini hawezi?"

Pranay akakuna kisogo. "Sina leseni."

"Si ulikwenda kwenye mtihani?"

"Nilikwenda. Kwenye kuzunguka ile namba nane iliyochorwa chini, nikashusha mguu. Wakanifelisha."

"Na yeye?"

"Yeye alipita. Siku hiyohiyo, nyuma yangu."

Mama Mkubwa akaguna, ikasikika kama kicheko kilichobanwa. Ikabidi yote yatoke. Zile Jumapili mama yake aliposema anakwenda kwa jirani Rubina kushona, alikuwa uwanja wa shule na skuta ya Rubina. Lile jeraha la goti alilosema ameanguka ngazini, si ngazi. Aliparamia kibanda cha maji ya miwa. Mwenye kibanda alimwinua, akampa glasi ya bure, akamwambia dada, breki ni mkono wa kushoto, karibu tena lakini kwa miguu. Jumapili iliyofuata alirudi.

"Mnanicheka nyumbani kwangu," Baba Mkubwa akasema.

"Hakuna anayekucheka, shemeji. Mimi nakwenda kuchukua chombo changu." Mama yake akainama akamgusa miguu Mama Mkubwa kwa heshima. Kwa Baba Mkubwa alifika, akainama nusu; yule akarudisha miguu nyuma. Basi akajinyoosha, akachana nailoni ya kofia kwa meno, akatoka.

Pranay akainuka amfuate.

"Wewe kaa." Baba Mkubwa alikuwa ameshika simu. "Nimeongea na duka asubuhi hii. Ile nyekundu bado ipo. Nitailipa yote mimi, usidaiwe hata rupia moja. Leseni utaipata, mtihani unarudiwa. Sema neno tu, nawapigia, wanafuta hiyo skuta, bangili zinanunuliwa tena. Mama yako anakaa nyumbani kwa heshima, na akiwa na safari utampeleka."

Mate yalimjaa Pranay mdomoni. Usimcheke. Ana miaka kumi na minane, na mtu anampa pikipiki nyekundu ya bure. Aliiona inaingia uwanja wa kriketi, wenzake wanaacha mpira.

"Nitampeleka saa kumi na mbili asubuhi? Kila siku?"

"Eh, ukipata nafasi."

Lile lile neno. Pranay akaisukuma bahasha mezani mpaka ikagusa mkono wa Baba Mkubwa.

"Mimi leo nafasi sina, Baba Mkubwa. Mama ananisubiri, nakaa nyuma."

"Utakaa nyuma! Utabebwa na mwanamke mchana kweupe, mtaa mzima wa Mahal unaangalia?"

"Waangalie. Dasara si sikukuu?"

"Basi kesho usikanyage dukani kwangu!"

"Sikuwa nakuja."

Akavaa ndala. Mama Mkubwa alikuwa ameinuka toka chini ya kochi, vumbi tele kwenye sari yake mpya, ndimu mbili mkononi. Mumewe alikuwa anamwangalia. Akazipangusa kwenye upindo, moja, halafu nyingine, akamwekea Pranay kiganjani na kuvikunja vidole vyake.

"Mwambie aende taratibu," akasema. "Hizi zinateleza."

"Sulabha!"

"Ndimu nimenunua mimi," Mama Mkubwa akasema, akakaa.

Siku ya Dasara mlango wa nyumba ile huachwa wazi mpaka usiku, majirani waingie na yale majani ya kupeana wanayoyaita dhahabu, wakumbatiane. Pranay akatia ndimu mfukoni, akatoka, akaufunga.