Mbili za Wifi

...mbili, anasema punguza mbili, kana kwamba mbili ni mbili popote utakapokwenda, na kidole changu kiko juu ya kitufe cha kupunguzia, hakibonyezi wala hakiondoki, nyuma ya kioo cha mashine ya kutotolea vifaranga mayai yamelala kimya kama waumini kabla ya sala kuanza, na wifi yangu anaongea kwenye simu niliyoilaza juu ya gunia la pumba, "Wifi, upo? Leo usiyageuze tena, jaza maji kwenye kisahani, punguza digrii mbili, basi, kazi imekwisha," nipo, nimesikia, ila mbili za nani, maana mashine yake huko ughaibuni aliko inasoma tisini na tisa na nusu na hii yangu inasoma thelathini na saba na nusu, joto ni lile lile, yai ni lile lile, kuku hajui kusoma yeye analalia tu na vifaranga vinatoka, na nilipomwuliza kwa selsiasi ni ngapi alicheka, "Hizo zenu nilishazisahau, mimi sasa ni mtu wa farenhaiti," hizo zenu, amesema, zenu, kama mtu aliyehama dini akaanza kutuonea huruma tuliobaki... Mungu nisamehe, nimeanza tena, jana tu niliomba nipunguziwe hasira na leo hata mchana haujafika, "Mwanangu, yanasemaje huko?" ni mama mkwe, kakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa stoo tangu asubuhi, haingii, anasema pumzi yake isije ikayasumbua, "Bado, mama, hayajasema kitu," "Hata kugonga?" "Hata kugonga," na ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakonitia jasho, kwa sababu wiki ile kideri kilipopita uani alinyamaza hivyo hivyo, akawa anawaokota kuku wake mmoja mmoja kwa miguu, wale wa shingo tupu, uzao aliokuja nao siku alipoolewa, hata jogoo alikufa akiwa amesimama kwenye kona kama mtu aliyesahau alichofuata, na mama akafukia mwenyewe, hakutaka nimshikie jembe, siku hiyo hakula, kilichobaki ni haya mayai yaliyotagwa kabla ugonjwa haujaingia, yakiharibika haya hakuna mengine, na yataharibikia mkononi mwangu... haya, kanuni ya kugeuza farenhaiti kuwa selsiasi, fundi aliyeniuzia mashine aliiandika ubavuni kwa wino mzito, toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawa kwa tisa, sikufika mbali shuleni lakini kutoa na kugawa sijashindwa, naandika kwa penseli kwenye trei tupu, mbili, nitoe thelathini na mbili, nabaki na hasi thelathini, mara tano, hasi mia na hamsini, kwa tisa... hasi kumi na sita na vipande, hasi, nipunguze hasi kumi na sita, nikishusha joto hadi hapo nayagandisha kama samaki wa kwenye friji, nikiitoa hiyo hasi naongeza badala ya kupunguza nayachemsha, kanuni gani hii inayompa mtu barafu na mayai ya kuchemsha kwa mkupuo mmoja, nafuta, narudia, hasi kumi na sita, "Wifi, mbona kimya, umebonyeza?" "Napiga hesabu," "Hesabu gani, mbili tu hizo, hata mtoto wa chekechea," eh, chekechea, nimelimeza hilo, limekwama, ningeweza kumjibu kwamba mtoto wa chekechea hakuachiwa mama wa watu na mayai ya watu, ulimi nimeuzuia lakini moyo umeshasema, na Mungu anasikia huko huko moyoni, sasa faida ya kuuzuia ulimi ni nini... na nikipunguza mbili kwa hizi zangu? thelathini na tano na nusu, fundi alisema ikifika hapo vifaranga vinachelewa, vinafia ndani ya ganda vimeshaota manyoya, hapana... subiri, labda nianzie alipo yeye nifike anapotaka nifike, tisini na tisa na nusu, kanuni inanipa thelathini na saba na nusu, sawasawa na kioo changu, vizuri, sasa tisini na saba na nusu, nitoe thelathini na mbili, sitini na tano na nusu, mara tano, kwa tisa... thelathini na sita nukta nne hivi, kumbe tofauti ni moja na kipande, mbili zake ni moja yangu na ushee, na ile thelathini na mbili imetolewa huku na imetolewa kule, kwenye kupunguza haina kazi kabisa, ni mahali anapoanzia kuhesabu tu, mimi nimeichukua nikaitoa kwenye kitu kidogo kisichokuwa nayo, ndiyo maana mbili zikageuka barafu... na hapo nachoka ghafla, si kwa hesabu, ni kwamba namsikia wifi, bado anaongea, "Nakusumbua najua, ila ningekuwa karibu ningeyalalia mwenyewe, wewe ndiye mikono yangu hapo," na neno hilo, mikono, limeshaanza kunikera, yaani mimi mtumishi, mimi mikono yeye kichwa, hivyo ndivyo ninavyoanza kulisikia, na ndivyo ninavyosikia kila analosema mwaka wa ngapi sasa, natoa kwanza thelathini na mbili zangu ndipo nasikiliza, kanipa kitu cha mbili mimi nakipokea hasi, kisha naenda kusali nikilalamika kwamba mtu huyu ni baridi... na baridi naitia mimi, ee Mungu, naitia mimi mwenyewe hapa stoo, mama yake kakaa mlangoni, kuku wa mama yake wamekwisha, yuko mbali na hana cha kushika isipokuwa simu, akicheka anacheka kwa hofu, mbona hilo sikulisikia, "Wifi?" "Nipo," "Sauti yako imepungua, umechoka?" na kidole kiko pale pale, kioo bado kinasoma thelathini na saba na nusu, na kwa mara ya kwanza neno lake naliacha lilivyo, sitoi kitu, "Nimechoka, wifi," namwambia, "na ninaogopa," na upande wa pili hapasikiki kicheko, inasikika sauti ndogo tu, "Hata mimi."