Anasema Nakuja, Kumbe Anaenda

Jina la Bi Kengele hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanafunzi, kwa sababu akisema "Kimya!" darasani kwake, darasa la jirani nalo linanyamaza. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto aliyemshinda, mpaka alipokuja Kidoti.

Kidoti alikuwa msichana wa miaka minane, mwenye alama nyeusi shavuni iliyompa jina. Alisoma vizuri kuliko wenzake wote, na kalamu zake za rangi alizipanga mstari mmoja mezani. Ukiigusa moja, atazipanga zote upya. Daktari alikwishamweleza mama yake kwamba mtoto ana usonji. Hilo halikumtisha Bi Kengele. Kilichomtisha ni viatu. Siku huanza vizuri, kisha ghafla, bila sababu yoyote, Kidoti hupiga ukelele, huvua viatu na kuvirusha popote vitakapofika. Wiki iliyopita kimoja kilifika kwenye tumbo la mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, lakini tumbo lake halikuwa la kukoswa na kiatu, na lilimuuma. Aliandika barua ya kumrudisha mtoto nyumbani "mpaka ipatikane shule inayomfaa," na kila mtu alijua kwamba shule hiyo haipo.

"Ijumaa nitakaa darasani kwako," alimwambia Bi Kengele. "Akirusha tena, mama yake ataondoka na barua hii. Lakini wiki hii kuna mafunzo ya walimu kuhusu usonji. Nimeshakuandikisha."

Bi Kengele alikwenda akiwa amevimba. Afundishwe nini tena, yeye? Mafunzo yalikuwa kila alasiri katika maktaba ya shule, na alipofungua mlango Jumatatu alimkuta mkufunzi anafuta ubao. Alimtambua palepale. Alikuwa amemfundisha darasa la pili.

"Shikamoo, mwalimu," alisema mkufunzi, amepiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe? Bado unatafuna kola ya shati?"

Walimu wote wakaangua kicheko. Mkufunzi naye akacheka, akaishika kola yake kuhakikisha iko salama. Kuishi kwingi ni kuona mengi, Bi Kengele akajisemea, akavuta kiti cha nyuma.

Mkufunzi aligawa karatasi zenye safu tatu: Kabla, Tukio, Baada. "Mtoto anayerusha kiatu anasema jambo," alieleza. "Mara nyingi anatujibu sisi. Basi tuandike tulichofanya kabla hajajibu."

"Wa kwangu anajibu kwa kiatu namba thelathini na moja," alisema Bi Kengele, "soli ngumu."

Kesho yake alirudisha karatasi yenye matukio mawili. Chini ya Kabla aliandika, mara zote mbili, "Hakuna kitu." Mkufunzi akaisoma, akainama karibu naye ili wengine wasisikie.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetuambia kwamba 'hakuna kitu' si jibu, ni uvivu."

Bi Kengele aliichukua karatasi yake. Alikuwa amelisema kweli, tena mara nyingi.

"Kesho andika kila neno lililotoka kinywani mwako," mkufunzi aliendelea. "Hata la upuuzi."

Jumatano aliandika. Alasiri mkufunzi akasoma kwa sauti. "Nilisema 'Nakuja,' nikaenda kuchukua chaki. Akapiga kelele. Nilisema 'Nakuja,' nikaenda kuonana na mzazi. Akarusha kiatu. Nilisema 'Nakuja,' nikaenda chooni." Mkufunzi akainua macho. "Labda hapendi uondoke."

"Hapana," alisema Bi Kengele. "Asubuhi nilitoka kwa hasira bila kusema neno. Alinitazama tu, akaendelea kupaka rangi."

Wakakuna vichwa. Ndipo simu ya mkufunzi ilipotetemeka mezani. Akaitazama, akainuka haraka. "Samahani, walimu wangu, nakuja," akasema, akaelekea mlangoni.

"Unakuja wapi?" Kengele ililia, maktaba nzima ikashtuka. "Mwanangu, unasema unakuja huku umetupa mgongo! Unaenda!"

Mkufunzi alisimama na mkono kwenye kitasa. Alitazama mlango, akawatazama walimu. Kisha walimu wote wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa karatasi ya safu tatu. Tangu utotoni wanaondoka huku wakisema wanakuja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujisikiliza. Nyani haoni kundule.

Bi Kengele ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Kwa Kidoti neno ni kama lilivyo, halina mlango wa nyuma. Mwalimu anasema anakuja, kisha anatoweka. Miaka ishirini na tisa anawakanya watoto wa watu wasiseme uongo, na yeye anamdanganya mtoto mmoja mara tatu kwa siku, kisha anamgombeza akilalamika. Aliona haya, haya ya kweli ya kuchoma masikio.

Alhamisi walijaribu mpango wa mkufunzi. Bi Kengele akitaka kutoka, anasema, "Naenda. Nitarudi," na anaacha miwani yake kwenye dawati la Kidoti, maana bila miwani hawezi kwenda mbali na mtoto anajua hivyo. Alitoka mara tatu. Viatu vilibaki miguuni.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja. Alikaa nyuma kabisa, amekumbatia faili tumboni. Somo likaenda vizuri, lakini Bi Kengele alikuwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hurudia mazoea. Chaki ilipokwisha, akageuka.

"Nakuja," akasema, akaushika mlango.

Alijisikia mwenyewe akilisema. Alipogeuka, mkono wa Kidoti ulikuwa umeshafika kwenye kifungo cha kiatu, na faili la mwalimu mkuu limepanda juu.

"Unaenda," alisema Kidoti.

Hakupiga kelele. Alisema tu, kama mtu anayemsahihishia mwenzake tahajia.

"Kweli kabisa, nimekosea," alisema Bi Kengele. "Naenda stoo. Nitarudi." Akavua miwani, akaiweka mezani. Kidoti aliinyoosha ikalingana na kalamu zake, kisha akauondoa mkono kwenye kiatu.

Bi Kengele alirudi na chaki nyekundu akidhani ni nyeupe, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwalimu mkuu naye akasimama. "Haya watoto, nakuja," akasema, akishika njia.

"Unaenda!" darasa zima likamjibu.

"Naenda," alikubali kwa unyonge.

Saa saba, mama yake Kidoti alikuwa getini, na Bi Kengele na mwalimu mkuu wakatoka kumlaki. Alikuwa fundi cherehani, na alikuja na futi yake ya kupimia bado shingoni. Habari ya barua alikuwa nayo. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mwalimu mkuu, na barua ilikuwa mkononi humo. Bi Kengele akawahi kumweleza kisa cha neno lile. Mama akaishika futi kwa mikono miwili.

"Jamani," alisema polepole. "Kila asubuhi hapa hapa namwambia, mama nakuja. Na kila asubuhi analia, mimi nadhani hapendi shule."

Mwalimu mkuu bado alikuwa ameishika barua. Bi Kengele alitaka kumwombea mtoto, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake kengele haikutoa sauti.

Kidoti akapita katikati yao, mkoba mgongoni. Akasimama mbele ya mwalimu wake, akakitazama kifungo cha gauni lake.

"Naenda," akasema. "Nitarudi."

Mwalimu mkuu aliitazama barua. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mama, umemsikia mwenyewe," alisema. "Jumatatu, saa moja na nusu."