Wakaguzi wa Jumamosi

Kila Jumamosi asubuhi mkutubi na mumewe walikuwa wakivaa nguo zao za kuendea harusi, wakipuliziana manukato kutoka kwenye chupa iliyobakiwa na matone mawili matatu, kisha wakitoka kwenda kutazama nyumba wasizoweza kuzinunua hata kwa ndoto.

Anayetaka kucheka acheke, lakini kwanza ataje burudani nyingine ya bure katika mji ule. Bustani ilikuwa na kiingilio. Sinema ilikuwa ya mwezi ambao hakuna aliyeugua. Kahawa ya mkahawani uliinywa taratibu, ukiinywa pamoja na bei yake. Nyumba inayouzwa, kwa upande mwingine, unakaribishwa kwa tabasamu, unavuliwa koti, unapewa juisi, na ukitoka unashukuriwa kwa kuja.

Wala si kwamba walikuwa maskini, na hapo ndipo penye kichekesho chenyewe. Mke alikuwa na shahada mbili na alisimamia ghorofa nzima ya maktaba ya chuo. Mume alikuwa fundi wa meno bandia katika maabara ya hospitali, mtu wa koti jeupe, na kila mtu alimwita Meno, mkewe akiwemo. Mishahara yao iliingia kwa wakati na kuondoka kwa wakati. Kodi ya chumba na sebule ilijikatia nusu ya kwanza, na iliyobaki ikagombewa na nauli, umeme na maji kama mali ya marehemu. Huko kwao walihesabiwa matajiri. Mjomba wa mkutubi alipopiga simu kuomba mabati akaambiwa hali ni ngumu, alicheka mpaka akapaliwa. "Nyie watu wa mjini mna utani sana!" Basi wakabaki hivyo, wanakufa na tai shingoni.

Mchezo wenyewe ulianzia kwenye mvua. Walikuwa wakikimbia, wakaona mlango uko wazi na kibao kinachosema nyumba inauzwa, karibuni muione. Wakaingia wajikinge. Dalali akadhani amepata wateja, akawatembeza chumba kwa chumba, na Meno, kwa kukosa la kusema, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Mmh." Dalali akaanza kuutetea ukuta. Walipotoka walicheka mpaka wakashikana wasianguke, na mkutubi alikumbuka kwamba walikuwa hawajacheka hivyo tangu wapandishiwe kodi.

Tangu siku hiyo wakawa mabingwa. Meno aligonga kuta. Mkutubi aliuliza kama maji yanatoka kila siku, na hilo aliliuliza kwa dhati, maana kwao bomba lilikuwa na hiari yake. Walikuwa na masharti pia: juisi gilasi moja tu kwa mtu, kuaga kabla benki haijatajwa, na kutocheka mpaka wapite kona ya pili.

Jumamosi hii mkutubi hakuwa na kicheko. Alikuwa na jambo limemkaa kooni. Chuo cha ualimu katika mji mmoja mdogo, mwendo wa nusu siku kwa basi, kilimtaka akaongoze maktaba yake. Mshahara haukuzidi sana huu wa sasa, ila kazi ilikuja na nyumba: vyumba vitatu, ua, na hakuna kodi. Walitaka jibu Jumatatu. Habari hiyo alikuwa nayo wiki ya pili sasa, na mumewe hajui kitu.

Si kwamba alimficha kwa ubaya. Meno alizaliwa mji mdogo, na ubaya wa miji midogo alikuwa akiusimulia kama mtu anayelipwa. Kwamba duka linafungwa magharibi. Kwamba jirani anajua umepika nini kabla hujaepua. Kwamba ukinunua viatu vipya unaulizwa umevipata wapi. Tangu ujanani aliapa hataishi tena mahali ambapo mtu hawezi kupotea. Mji huu mkubwa aliupenda jinsi watu wanavyopenda timu inayofungwa kila wiki. Mkutubi alitaka kwenda, alitaka mpaka kifua kilimuuma, lakini kwenda bila Meno hakukuwa kwenda.

"Nitamwambia tukifika kituoni," alijiambia asubuhi ile. Walipofika kituoni akaahirisha mpaka watakaposhuka. Waliposhuka, Meno alikuwa anamsimulia habari ya mgonjwa aliyekuja na meno bandia ya marehemu babu yake akitaka yapunguzwe yamkae, na nani angemkatiza mtu katika kisa kama hicho?

Nyumba ya siku hiyo ilikuwa ghorofa ya kumi, na lifti inafanya kazi. Dalali, mwanamume mnene mwenye viatu vya kung'aa, aliwapa vifuko vya plastiki wavishe viatu vyao wasichafue sakafu, akawaongoza ndani. Sebule ungeweza kugeuzia lori. Jikoni, meza yote ilikuwa jiwe moja jeusi, na juu yake bakuli la matunda. Meno alilibonyeza chungwa akakuta ni plastiki, akalirudisha kwa heshima. Bafuni kulikuwa na sinki mbili, ubavu kwa ubavu.

"Mbili?" Meno aliuliza.

"Moja yako, mheshimiwa, na moja ya mama."

"Safi sana. Maana huyu akikikamata kioo asubuhi, mimi napigia mswaki jikoni."

Dalali alicheka. Asichojua ni kwamba hilo lilikuwa kweli tupu.

"Maji yanatoka kila siku?" mkutubi aliuliza waliporudi jikoni.

Hapo dalali akasimama. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaenda kuufunga mlango wa mbele, akarudi amekunja mikono.

"Sasa, ndugu zangu, tuzungumze."

Meno akajua benki inakuja, akaanza kurudi nyuma kinyumenyume. "Sisi tutakwenda tukalifikirie kwanza, unajua jambo kama hili si la—"

"Kaka, tulia. Nyie ndio Wakaguzi, au siyo?"

"Wakaguzi gani?"

"Ndivyo tunavyowaita. Madalali wote wa mji huu tunawajua. Kaka anagonga ukuta, shemeji anauliza maji, gilasi moja moja, halafu haooo. Mwenzangu mmoja mmemtembelea mara tatu. Tunajua hamnunui."

Mkutubi alitamani ardhi ipasuke immeze, ila ilikuwa ghorofa ya kumi na angeangukia jikoni kwa watu wa ghorofa ya tisa. Uso ulimwaka moto. Kumbe miezi yote ile waliojidhania wajanja walikuwa wao wawili tu.

"Tusamehe, ndugu yangu," Meno alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa sauti yake.

"Niwasamehe nini? Nawashukuru! Tajiri akiingia kwenye nyumba tupu anavuta miguu, anasema atarudi. Akikuta watu wamependeza hivi wanagonga kuta, roho inamdunda. Anaona anapokonywa. Mwenzangu ameuza nyumba mbili kwa mgongo wenu." Dalali akasogea karibu. "Nataka tufanye kazi. Kila Jumamosi nawapa anwani, nauli juu yangu, chakula cha mchana juu yangu, na nyumba ikiuzwa hamkosi chochote. Hamna cha kujifunza. Fanyeni yaleyale."

Macho ya Meno yaliwaka. Akamshika mkewe mikono yote miwili.

"Umesikia? Umesikia lakini? Nilikwambia mji huu haukosi mlango! Tunalipwa kwa kutembea! Tutarudi sinema. Tutabadilisha ile feni inayokohoa. Mke wangu, kwa mpango huu tunasukuma miaka kumi mingine bila wasiwasi!"

Miaka kumi mingine. Mkutubi aliiona yote kwa mkupuo: Jumamosi baada ya Jumamosi, vifuko vya plastiki miguuni, akiuliza maji ya watu wengine. Alipiga moyo konde.

"Meno, nimepata kazi."

"Si ndiyo, tumepata!"

"Siyo hii."

Dalali, ambaye riziki yake ilikuwa kusoma nyuso, akakumbuka ghafla kwamba hajakagua mabomba ya bafuni. Walimsikia akifungua maji, tena mengi, kwa ustaarabu.

Mkutubi akasema yote: chuo, mji mdogo, nyumba, Jumatatu. Alisema haraka haraka akilitazama lile bakuli la matunda. Alipomaliza, Meno alikuwa bado amemshika mikono, ila vidole vimelegea.

"Umejua tangu lini?"

"Wiki ya pili hii."

"Wiki ya pili unalala na jambo hili pembeni yangu, na mimi nakuhadithia meno ya babu wa watu."

"Ningesemaje? Kila nikifungua mdomo unaniambia duka la kwenu linafungwa magharibi."

"Linafungwa kweli."

"Najua linafungwa!"

Meno akaiachia ile mikono. "Kwa hiyo unauchukia mji huu."

"Siuchukii. Ningeuchukia ningeshaondoka zamani. Nimechoka kuutembelea, Meno. Miaka yote hii tunaishi humu na kila kizuri chake nakitazama, nakisifia, nakirudisha mahali pake. Nataka siku moja nifungue kabati zuri nikute mle ndani sufuria zangu zilizoungua. Nataka kupanda kitu kikaota. Hata mchicha."

Meno alivuta mlango wa kioo akatoka kwenye baraza, akashika ukingo, akampa mgongo yeye na jiko la watu. Chini mji ulikuwa umetandaa mpaka macho yanapokoma, magari yakimetameta juani, na mkutubi alijua mumewe anautazama kwa mapenzi. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku aliyokwenda kufanya usaili, kuliko siku ya ndoa yao. Maneno "basi, tuache" yalimfika kwenye ulimi, na Mungu ndiye anayejua kilichoyazuia. Bafuni maji yaliendelea kumwagika.

Meno alirudi ndani macho mekundu, akausingizia upepo.

"Nimetafuta chumba chetu kutoka pale juu," alisema. "Nimeona hospitali, nimeona maktaba yako. Kwetu hakuonekani hata paa."

Mkutubi akaliweka sawa lile chungwa la plastiki.

"Huko kuna mapengo?"

"Meno, tafadhali."

"Nauliza kikazi."

"Kuna hospitali ya wilaya. Hawana fundi. Watu wanapelekwa mbali kutengenezewa meno."

"Umeshauliza?"

"Nimeuliza."

"Kwa hiyo mimi nilishahamishwa zamani, nilikuwa sijaambiwa tu."

"Sikukuhamisha. Nilikuwa nagonga ukuta nisikie."

Meno akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akajifuta uso kwa kiganja. "Sitapapenda, nakwambia mapema usije ukasema sikukwambia. Nitalalamika."

"Lalamika."

"Kila magharibi, duka likifungwa, nitalalamika mpaka uchoke."

"Nitakusikiliza mpaka nichoke. Halafu nitakusikiliza tena."

Maji yakafungwa. Dalali akatoka akijifuta mikono kwenye suruali, uso mkunjufu, kama mtu ambaye hakusikia neno hata moja na ana furaha kwa alichokisikia.

"Haya, Wakaguzi wangu. Jumamosi ijayo tukutane wapi? Nina jumba moja lina bwawa la kuogelea, nawaambia hamjaona kitu."

Bwawa la kuogelea hawakuwahi kulipata. Mkutubi alimwona mumewe akimeza mate, akaona na jinsi alivyotupa jicho tena nje, kule kwenye kioo.

"Jumamosi ijayo hatupo," Meno alisema. "Mke wangu amepata nyumba."

Dalali ni dalali. "Nyumba! Mtaa gani? Ya nani? Kuta zake umezigonga?"

"Hatujaiona."

"Kaka! Wewe, mkaguzi mzima, unachukua nyumba hujaiona?"

"Hiyo hatuendi kuitazama," Meno alisema. "Tunakwenda kukaa."

Sauti ilimkatika kwenye neno la mwisho. Mkutubi naye akaangua kilio palepale, juu ya lile jiwe jeusi, nguo ya harusi na yote, na dalali akachana karatasi ya jikoni iliyowekwa kwa maonyesho, akampa yeye kipande na mumewe kipande.