Supu ya Mwani Siku ya Mtihani

Siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, hakuna jiko katika mji wa Daegu, Korea, linalopika mwani. Mwani unateleza, na anayeula asubuhi hiyo, watu wanasema, naye atateleza kwenye mtihani. Lakini ndiyo supu ya siku ya kuzaliwa, na Ga-ram alikuwa anatimiza miaka kumi na minane siku hiyo hiyo. Alipoamka alikuta bakuli la mwani mezani, linafuka mvuke.

Tangu aletwe kwa Bi Pyo akiwa darasa la tatu, alizoea kusikia kwamba watoto wa kulelewa hawafiki chuo. Kumbe hata mlezi wake alishakata tamaa.

Jirani yao, Bi Tak, aliingia na peremende za kunata, ili majibu yamnate mtoto kichwani. Akachungulia bakuli.

"We Pyo, umerogwa? Mwani leo? Si umwambie tu abaki alale!"

"Koma, Tak. Weka peremende zako hapo, uende."

Mlango ulipofungwa, Ga-ram aliuliza bila kuinua macho, "Shangazi, kwani unaona sitafaulu?"

Bi Pyo aliendelea kufuta jiko ambalo lilishakuwa safi.

"Ukifeli, mtihani upo mwakani. Mkataba wa kukulea unaisha leo, umetimiza kumi na minane. Kuanzia kesho nikikupikia, nampikia mgeni."

Ga-ram alikula supu yote, akavaa koti, akabeba mkoba. Mlangoni akageuka.

"Iliyobaki sufuriani usiimwage. Nitaila kesho."