Kibeseni cha Miche Nilichopeleka Mnadani

Mama wenzangu mnaootesha mboga nyumbani kwenye makopo, someni hili kabla hamjaokota chombo kingine.

Hapa Sombetini sina shamba, nina kibaraza tu. Sukuma wiki nilikuwa naiotesha kwenye paketi za maziwa. Natoboa chini kwa msumari, natia udongo na samadi iliyooza, nafunika na kipande cha gunia mpaka mbegu zichomoze. Ziliota vizuri tu. Ila sikukuu ya mavuno ilipokaribia nikaziona paketi zangu mbaya. Kanisani kwetu mtu analeta jogoo, mkungu wa ndizi au mayai, na baada ya ibada vinanadiwa pale nje. Kila mtu anaona nani kaleta nini. Nikaogopa kuonekana na makaratasi yaliyochakaa.

Mume wangu, Gadiel, anapuliza dawa kwenye shamba la mtu huko Usa River. Alikuwa ameleta galoni tupu la dawa ya wadudu, jeupe, gumu, la kuwekea oili chafu ya pikipiki. Akaniambia, "Hilo usilifanyie kitu cha chakula." Nikasema moyoni, udongo si chakula. Nikalisugua kwa Omo na maji ya moto mpaka harufu ikaisha, nikabandua karatasi yake, nikalipasua katikati kwa urefu. Vikatoka vibeseni viwili kama vya dukani. Nikavitoboa matundu chini, nikasia mbegu. Kimoja cha kanisa, kimoja chetu.

Siku ya mnada Mzee Abdiel, anayetunadishia, alikiinua juu. "Tazameni bustani hii! Mke wangu ana eka nzima na hana jani la kuonyesha. Nani anataka kumwaibisha mke wangu?"

Watu wakacheka. Bibi Hanna wa mtaani kwetu akapandisha bei mpaka wenzake wakanyamaza. Akakigeuza ubavu akatazama chini.

"Mama Prisca, miche naipanda leo leo. Na kwa matundu haya, nimepata cha kuchujia mahindi ya loshoro."

Mdomo ulinifunguka. Lakini wanawake walikuwa wamenizunguka, huyu ananishika mkono, yule anasema, "Ana akili huyu! Utatufundisha." Nikasema, "Haya Bibi, ubarikiwe." Ndiyo maneno yaliyonitoka.

Baada ya siku mbili namkuta binti yangu Prisca anaoshea mchicha kwenye kile kibeseni chetu, maana miche yake nilishaihamishia kwenye viroba. Nilimpokonya kwa nguvu, mchicha ukamwagika chini.

"Sumu hiyo! Nani kakwambia ushike?"

Akanitazama. "Mama, si kama kile cha Bibi Hanna?"

Nikajitupia khanga nikatoka. Njia nzima natunga uongo: nimwambie kina ufa, nimwambie namletea kizuri zaidi.

Nikamkuta jikoni na mkwewe, mke wa mwanawe. Mahindi ya moto yanachujwa maji kwenye kibeseni changu, maziwa ya mgando yako pembeni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umefuata harufu, eh? Kaa, natia maziwa sasa hivi."

"Usitie, Bibi. Hicho ni kipande cha galoni la dawa ya wadudu."

Mkwe akaacha mwiko. "Mama yangu! Na jana watoto wamekula humo humo!"

"Nililiosha," nikasema.

Bibi Hanna hakupaza sauti. "Nilisema mbele yako nitachujia loshoro. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanibariki."

Tuliwabeba wajukuu wake mpaka zahanati. Muuguzi akaniuliza, "Dawa gani?" Sikujua. Karatasi nilishaibandua mwenyewe ili chombo kipendeze. Ikabidi nimpigie Gadiel, muuguzi akaweka sauti juu, na foleni nzima ikamsikia: "Si nilikukataza wewe?" Ndipo akataja jina la dawa. Yule mkwe alikuwa amekaa karibu yangu kwenye benchi. Akamchukua mwanawe akahamia la pili.

Watoto waliangaliwa mpaka jioni. Hawakutapika wala kutetemeka, tukaambiwa tuwarudishe wakibadilika. Mahindi Bibi Hanna aliyafukia shimoni, hata kuku hakuwapa.

Nilipomwomba msamaha akauliza, "Wangapi walikuomba uwafundishe?"

"Wengi, Bibi. Sikuwahesabu."

"Basi anza kuzunguka."

Nimeanza kuzunguka, na kwa nisiowafikia ndiyo naandika hivi. Nyumba ya kwanza niliyopiga hodi, mwenyewe alikuwa kibarazani na kisu cha moto, galoni liko mapajani, ubavuni lina picha ya mdudu. Akanichekea.

"Karibu, mwalimu! Njoo uone kama nimepatia."