Marehemu Bitutu Anataka Namba Yake

Ruth alianza kulia kabla hajafika langoni. Nilikuwa nyuma ya nyumba natandaza vipande vya ndizi kwenye turubai vikauke, nikasikia mtu anapiga mayowe barabarani kama aliyefiwa kweli kweli, na jina analolitaja ni langu.

"Bitutu wee! Bitutu, umeniacha na nani!"

Mwanzo niliogopa. Halafu nikajibanza nyuma ya mgomba nisikilize, maana ni wangapi hupata bahati ya kusikia watakavyoliliwa? Akasema nilikuwa mchapakazi. Kweli. Akasema nilikuwa na mkono wa kutoa. Sawa. Akasema nilikuwa mpole. Hapo nikajua mwenzangu amezidiwa na uchungu, nikatoka.

Ruth ni rafiki yangu tangu darasa la tatu. Aliolewa Nyacheki kwenye majani chai, mimi nikaolewa hapa Suneka kwenye ndizi. Aliponiona alikaa chini palepale penye matope, mkate na sukari ya matanga vimekumbatiwa kifuani.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Ni mimi. Lete hiyo sukari tunywe chai. Matanga yangu nitahudhuria mwenyewe."

Hakucheka. Alitoa simu. Mjukuu wake alikuwa anatafuta unga wa ndizi wa kikundi chetu, akafungua tovuti yetu, akampelekea bibi yake habari mbaya. Nikavaa miwani. Hapo palikuwa na picha yangu, ile ya kitambaa cha buluu, na chini yake maneno: "Marehemu Mama Bitutu, mwanzilishi. Tutakukumbuka daima." Pembeni yangu yuko Nyanchera, tuliyeanzisha naye kikundi, anatabasamu kama mtu aliyetoka kunywa chai sasa hivi. Nyanchera tulimzika mwezi wa tatu. Nilikuwa kaburini, nilitupa udongo.

Mtu aliyebadilisha maneno alikosea picha. Hilo ningelisamehe. Katika umri wangu, kufa si habari ya kushangaza. Kilichonipandisha damu kichwani kilikuwa chini zaidi, kwenye maandishi madogo: "Kuagiza unga, piga simu." Namba iliyokuwa hapo haikuwa yangu. Ilikuwa ya Geoffrey, mtoto wa mwenyekiti wetu Celestine.

Kwa miaka sita namba ya kuagiza ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongea na mpishi wa hoteli kule Kisumu, na akina mama wa Nairobi wanaopikia watoto uji, na binti yetu mmoja aliyeko Minnesota ambaye hata leo hajui kuzuia uji usifanye madonge. Hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo. Mgongo haubebi tena mikungu, mkono hauwezi tena kumenya ndizi gunia zima. Mdomo tu ndio mzima.

Na tangu mwezi wa tatu simu yangu ilikuwa kimya. Nilimuuliza Celestine, akaniambia, "Soko limelala, mama. Uchumi huu." Nikamwamini! Nikadhani unga wetu umeharibika. Nikabadilisha aina ya ndizi. Nikagombana na wanaokausha, nikawaambia wanaanua mapema, mmoja akalia. Miezi minane natafuta kosa kwenye ndizi.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa Celestine. Nilimkuta anachambua mboga uani.

"Mwenyekiti, nimekuja kukujulisha nimefufuka."

Aliangalia mboga. "Ah, ile ya tovuti. Hilo ni kosa dogo tu, mama. Geoffrey atarekebisha."

"Kosa dogo ni chumvi kuzidi. Hili umelijua tangu lini?"

Akachambua jani moja, akachambua la pili. "Mwezi wa nne hivi."

"Mwezi wa nne! Na kila Jumapili mkutanoni tunakaa benchi moja, unanipa mkono, unajua mimi ni maiti?"

"Usipandishe sauti, majirani watasikia. Jumapili hii tunachagua mfumo mpya wa tovuti. Hayo yote yataishia huko."

Sikupandisha sauti. Niliondoka nikiwa nimeuma meno hadi taya likaniuma usiku kucha.

Mikutano yetu ni Jumapili saa nane. Jumamosi sisi Wasabato tuko kanisani, Jumapili asubuhi Wakatoliki wako misa, kwa hiyo mambo ya unga hubaki na saa hiyo tu. Tulikutana kwenye banda la kikundi, karibu na kinu cha kusagia, wanawake ishirini na wawili. Kwenye karatasi ya ajenda Celestine alikuwa ameandika: "Kuthibitisha mfumo wa Geoffrey." Kuthibitisha! Kama mchumba ambaye ng'ombe wake wa mahari wameshapokelewa.

Geoffrey alisimama kwanza. Ni kijana mtanashati, viatu vyake havijawahi kukanyaga ganda la ndizi. Akafungua laptopu, akasema yeye atatujengea tovuti nyingine kwa mkono, tangu msingi, kitu chenye nguvu. Hii mifumo ya bure, alisema, kila mtu anayo, inafanana kama sare za shule, na wezi wa mtandao wanaiingia kila siku.

"Na tukitaka kubadilisha kitu?" akauliza Mokeira.

"Mnanitumia mimi. Nyinyi mtajisumbua na kompyuta za nini? Mambo ya ndani ni magumu."

Alituangalia sote aliposema "magumu", lakini macho yakaishia kwangu.

Mokeira ni mwalimu wa chekechea, ameolewa hapa mwaka wa nne sasa. Hana laptopu. Alisimama na simu yake tu, na kioo chake kina ufa. Akasema yeye anapendekeza mfumo uliokwishajengwa, unaotumiwa na watu wengi duniani. Kila mwanachama anayehusika anapewa paswadi yake. Mmoja anaandika, mwingine anaidhinisha. Ukikosea, unarudisha maneno ya jana. Na mfumo wenyewe unaandika ni nani alibadilisha nini na saa ngapi.

"Hata saa?" akauliza mtu nyuma.

"Hata dakika."

Banda likanong'ona. Nilimwona Celestine akijifunga leso upya.

"Lakini wezi, Mokeira?" akasema Geoffrey. "Waambie juu ya wezi."

"Ni kweli," akajibu Mokeira. "Usipousasisha, wanaingia. Ni kazi ya kila wiki, sitawadanganya. Lakini mimi nikihama au nikikosana na nyinyi, mnamwita mtu mwingine yeyote anayeujua, na wako wengi hapo Kisii mjini. Hamtanihitaji."

Nakwambia, sijawahi kusikia fundi akisema hivyo. Fundi wa paa hasemi, fundi wa redio hasemi, daktari ndiyo kabisa.

Celestine akapiga meza. "Tumesikia. Geoffrey ametutumikia miaka sita. Nadhani tuthibitishe."

Nikasimama. Nilisimama polepole, kwa sababu ya goti, lakini pia nilitaka wanione vizuri.

"Mwenyekiti, marehemu ana swali."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

"Mimi sijui mfumo ni nini. Nimesoma hadi darasa la saba, na la saba lenyewe nililala sana. Lakini najua ninachotaka. Nataka nitolewe kwenye wafu na namba yangu irudishwe mahali pake. Kati ya hawa wawili, atakayeweza kufanya hivyo kabla hatujafunga kwa maombi, huyo ndiye fundi wangu. Geoffrey, mjukuu wangu, anza. Laptopu si unayo?"

"Magokoro, hiyo si kazi ya kukimbilia."

Magokoro kwetu ni bibi, na ni jina tamu akilisema mtu anayekupenda.

"Miezi minane ni kukimbilia?"

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasema hana bando. Mama mmoja akamwashia intaneti ya simu yake. Akasema mtandao wa Suneka ni dhaifu. Mokeira akamwonyesha simu, mtandao umejaa. Akasema lazima atafute faili. Tukangoja. Jasho likamtoka juu ya mdomo, na mimi, Mungu anisamehe, nikaliangalia lile jasho kama mtu anayeangalia mvua baada ya kiangazi.

Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Paswadi anayo rafiki yangu."

"Yuko wapi?"

"Qatar."

"Qatar ya wapi?"

"Qatar ya Qatar, magokoro. Alienda mwezi wa tano. Hajibu siku hizi."

Mokeira akamuuliza polepole, "Geoffrey, wewe umewahi kuingia ndani ya hiyo tovuti?"

"Nilikuwa namtumia picha na maneno kwa WhatsApp. Yeye anaweka."

Kumbe! Miaka sita tunamwita fundi, tunampa kiti cha kwanza na soda ya kwanza, na mambo ya ndani yalikuwa magumu hata kwake. Mtu ambaye hajawahi kutuona ndiye aliyenibandika kifo. Lakini lilibaki moja.

"Picha alikosea rafiki yako. Na namba? Namba yako ilifikaje pale, ilitembea?"

Geoffrey akamwangalia mama yake. Hakuwa kijana mbaya sana, alishindwa tu kudanganya mbele ya watu ishirini na wawili.

"Mama ndiye alisema nitume."

Celestine akasimama, kiti kikaanguka. "Ndiyo, mimi nilisema! Na nitasema tena! Mteja anaagiza kilo mbili, wewe unamuuliza mtoto wake anasoma wapi, mama mkwe anaendeleaje, mguu umepona? Nusu saa! Wengine wanapiga hawakupati!"

"Ndiyo sababu walikuwa wanarudi!"

"Hiki ni kikundi cha biashara, si mahali pa kupiga soga!"

"Ungeniambia! Ungenijia uniambie, Bitutu, mdomo wako ni mrefu, pumzika. Ningekutukana, tungenyamaza wiki mbili, yangeisha. Wewe umeniacha nitafute ubaya kwenye ndizi! Umeniacha nimlize mtoto wa watu pale kwenye turubai kwa kosa ambalo hakufanya! Ukaona ni afadhali nife kuliko kunitazama usoni!"

Celestine akaokota kiti chake, akakaa, akatazama mlango.

Hatukupiga kura za karatasi. Wanawake wa Suneka karatasi hatuziamini. Tulipiga mlolongo: unayemtaka, unasimama nyuma yake. Nyuma ya Mokeira mstari ulitoka nje ya banda hadi kwenye kinu. Nyuma ya Geoffrey alisimama mama yake na shangazi yake mmoja, na shangazi alikuwa anaangalia mstari ule mwingine kwa hamu.

Mokeira alikuwa ameshaandaa tovuti ya majaribio. Ile ya zamani, alisema, hatuwezi kuigusa, itazimika yenyewe mwezi wa pili muda wake ukiisha. Kwa hiyo hadi mwezi wa pili mtandaoni niko wawili, mmoja mfu na mmoja hai. Akanipa simu yake, akanionyesha penye kalamu ndogo.

"Bonyeza hapo, magokoro. Andika mwenyewe."

Niliandika kwa kidole kimoja. Wanawake walisubiri, mmoja alianza kusuka, mwingine alinyonyesha. Simu ilikuwa inataka kunisahihisha kila neno, nikaikatalia. Niliandika hivi: "Mimi Bitutu sijafa. Niliuawa na Geoffrey kwa uzembe mwezi wa tatu, na mama yake akanificha. Kuagiza unga piga namba hii." Nikaweka namba yangu. Nikabonyeza.

Kioo kikaandika: Inasubiri idhini.

"Idhini ya nani?" nikauliza.

Mokeira akashusha macho. "Niliweka mwenyekiti. Katiba ya kikundi inasema maandishi yote yapitie kwa mwenyekiti."

Basi Mokeira akafungua ukurasa wa mwenyekiti, akampa Celestine ile simu. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Shingo yake ikavimba.

"Hii siidhinishi. Toa hayo maneno ya katikati."

"Nitayatoa," nikasema. "Niambie pole, nayatoa sasa hivi, mbele ya hawa wote. Neno moja tu."

Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne aniangalie machoni, na nilimwona akilitafuta lile neno. Lilifika shingoni. Niliona kabisa limefika. Nilikuwa tayari kulipokea, nasema kweli, nilikuwa nimeshanyoosha mkono niichukue simu nifute.

Celestine akainua kidole gumba, akabonyeza Chapisha.

Akaiweka simu mezani, akachukua mkoba wake, akatoka, Geoffrey nyuma yake na laptopu kwapani. Tulifunga kwa maombi bila yeye.

Simu yangu inalia sasa. Mpishi wa Kisumu alikuwa wa kwanza, aliuliza ni kweli niliuawa, nikamwambia ndiyo, na je, anataka kilo ngapi. Celestine bado ni mwenyekiti, bado tunakaa benchi moja, ananipa mkono nami nampa. Pole hajasema. Maneno ya katikati yako palepale, dunia nzima inayasoma. Mokeira amenikumbusha mara mbili kwamba naweza kuyafuta saa yoyote, akanionyesha tena kwa upole pa kubonyeza.

Najua pa kubonyeza.