Jezi za Nyuki wa Isangwa

Mimi na mpira hatujuani, na kamati ya jubilei iliponiita nililisema hilo mapema. Hawakunisikiliza. Walijua ninakwenda Guangzhou kuchukua vitambaa vyangu, nao walitaka jezi themanini za Nyuki, timu ya Chuo cha Ualimu Isangwa, zifanane na zile za mwaka 1981 mstari kwa mstari. Mwenyekiti wao, Mwalimu Thadeo, aliyekuwa golikipa enzi hizo, alinikabidhi vitabu vinne vya mwaka vya chuo, amevifunga kwenye taulo.

"Binti yangu, picha za simu zinadanganya," alisema. "Fundi avione vyenyewe. Vikipotea, usirudi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi nikatua uwanja wa ndege wa Baiyun nimevikumbatia kifuani, nikapanda metro, na kwa kukosa la kufanya nikafungua cha kwanza. Nikapitiliza kituo changu. Nikapitiliza na kilichofuata. Jamani, wale watu! Mwaka 1976 timu nzima ilikuwa na viatu jozi nne, na pichani unaona mmoja kavaa cha kulia, mwenzake kavaa cha kushoto, wote wamevimba vifua kama mabwana harusi. Walitembea maili kumi na nane kwenda mechi, wakashinda, wakarudi kwa miguu, na mwandishi wa kitabu akaona la maana zaidi kutaja ni kwamba hakuna aliyechelewa darasani kesho yake. Mwaka 1981 Thadeo alicheza mechi tisa bila kufungwa. Kuna picha yake amenyoosha mikono juu ya mwamba wa goli, mpira uko vidoleni, na huyo mzee anayenitisha leo alikuwa kijana mwembamba mwenye tabasamu la kuuzia dawa ya meno. Niliwapenda. Mimi, nisiyejua kona ni nini, nilikaa kwenye metro ya Wachina nikiwashangilia watu waliocheza kabla sijazaliwa.

Jambo moja tu lilinichoma. Mama yangu, Yustina, alisoma chuo hichohicho, na katika orodha za wahitimu hayumo. Nilijua hatakuwamo. Mwaka 1983, miezi minne kabla ya mtihani wa mwisho, alipata mimba, na wakati ule msichana akipata mimba alifukuzwa, hakuna mjadala. Mimba hiyo ni mimi, Agape. Baba, dereva wa lori la pamba, alimwoa, akafa ningali mdogo. Mama akatulea kwa cherehani. Hajawahi kutusimulia habari za chuo hata siku moja, na tulijifunza kutouliza.

Kitambaa nilikipata soko la Zhongda, njano na nyeusi, kizito cha kutosha. Kushona nikampa Madam Liang, mwenye karakana ya ghorofa ya pili uchochoroni nyuma ya soko. Tumefanya kazi pamoja miaka sita. Yeye anaongea Kiingereza cha bei, mimi Kichina cha bei, mengine tunayaandika kwenye simu inatutafsiria. Siku ya pili sampuli ikawa tayari, nzuri kabisa. Nikafurahi. Ndipo akavuta kitabu cha 1981, akaweka juu yake kioo chake cha kukuza, cha kuhesabia nyuzi, akagusa picha ya golikipa.

"Hii unataka, hutaki? Ukitaka, kila moja naongeza yuan tatu."

Damu ikanipanda. "Laoban, bosi wangu! Bei tulimaliza jana. Leo unaanza michezo?"

"Mei you, mei you," akakataa huku anacheka, akanisukumia kioo. "Angalia kwanza, halafu ugombe."

Nikaangalia. Chini ya kwapa la Thadeo, pale mkono unapoungana na ubavu, kulikuwa na kipande kidogo cha pembe nne, kimeshonwa kwa kukingama, mistari yake imekwenda upande mwingine. Macho yangu yalikuwa yamepita juu yake mara kumi.

Kipande kile nakifahamu. Nimekivaa utoto wangu wote. Kila sare ya shule aliyotushonea mama ilikuwa nacho, alikiita pumzi. Watoto wenzangu walinicheka kwamba nguo yangu mpya ina viraka, nikamlilia mama akitoe, naye akasema, "Nguo isiyokuacha unyooshe mkono ni kamba." Katika biashara yangu yote ya nguo sijamwona fundi mwingine anayekikata vile, kona moja ndefu kuliko nyingine ili kifuate mbavu.

Nikafungua kitabu cha 1982. Kipo, kila mkono ulioinuliwa. Nikafungua cha 1983. Hakipo. Jezi ni mpya, na Thadeo anaruka kuufuata mpira huku kwapa limechanika hadi kiunoni. Chini pameandikwa kwamba Nyuki walipoteza fainali.

Nikarudi tena 1981, kurasa za nyuma ambazo wapenzi wa mpira hawafiki. Darasa la Sayansi Kimu. Wasichana sita mezani, rundo la vitambaa vya mistari mbele yao, na wa tatu kutoka kushoto ameinama, sindano mdomoni, uso umekunjwa kwa umakini. Ule uso ninaujua kuliko wangu. Maelezo yanasema tu: wanafunzi wakiwa kazini. Jina hakuna.

Kule kwetu Singida ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimpigia palepale.

"Mama, wewe ndiye uliyewashonea Nyuki?"

"Nani kakwambia?"

"Kwapa la golikipa."

Akacheka, kicheko ambacho sikumbuki kukisikia. "Jezi kumi na nne kila mwaka, baada ya masomo. Mwaka wa kwanza walicheza na mashati ya kununua, yakawabana, Thadeo hafiki juu. Nikawaambia nileteeni kitambaa. Mwanangu, walivyokuwa wanaruka! Nilikuwa nasimama pale uwanjani siangalii mpira, naangalia makwapa."

"Mbona hukutwambia?"

"Ningewaambia nini? Ukianza na jezi, mtu atakuuliza na cheti kiko wapi."

"Jubilei wamekualika?"

"Kadi ni za wahitimu, Agape. Usiniletee maneno."

Nikakata simu nikampigia Mwalimu Thadeo, na heshima zote niliiacha uchochoroni. Nilimwambia jezi hazitoki Guangzhou, wacheze mechi ya jubilei vifua wazi, mpaka aniambie ni nani aliyezishona za 1981 na kwa nini hana kadi. Nilitegemea atanifokea.

"Yustina," alisema polepole. "Wewe ni wa Yustina?"

"Ndiyo mimba yenyewe, Mwalimu."

"Siku ile anaondoka na sanduku lake, tulikuwa mazoezini." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Alipita kando ya uwanja. Tulimwona wote, na wote tumevaa kazi ya mikono yake. Hakuna aliyeacha mpira, binti yangu. Hata mmoja. Hata mimi."

Hasira yangu ikakosa pa kushika. Niliwaza, mzee huyu amekaa na neno hili miaka yote hiyo.

"Tumebaki hai saba," akaendelea. "Picha ya timu tunaipiga upya. Atakaa katikati, kiti cha nahodha. Nipe namba yake. Hili siwezi kukutuma wewe."

Nikampa. Nikakaa juu ya jora la kitambaa kusubiri. Madam Liang, ambaye hakuelewa neno ila alielewa yote, akanimiminia chai akarudi kwenye mashine yake. Mama alipiga baada ya nusu saa.

"Thadeo amepiga," alisema. "Amelia. Mzee mzima."

"Na wewe?"

"Mimi nimemwambia jezi yake ya mwaka themanini na mbili alinirudishia haijafuliwa."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. "Utakwenda, mama?"

Nikamsikia anavuta pumzi. Mlio wa cherehani yake, ambao hukosi kuusikia ukimpigia, ulikuwa umekoma.

"Yangu iwe kubwa, niivae juu ya gauni," alisema. "Na mgongoni uweke jina langu lote, Yustina Ntandu, kama lilivyokuwa kwenye rejista. Lile walilolikata kwa mstari."

Nililiandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, machozi yananidondokea, nikamkabidhi Madam Liang. Nikamwambia hilo moja alitarizi kwa mkono, na leo bei ataje yeye.